Isale la Mama Severine

Mimi si mtu wa kusifia watu wakiwa hai, wanaharibika. Lakini Candida nitamsimulia leo, mazuri yake na mabaya yake, kwa kuwa nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na minne hapa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na ruhusa amenipa mwenyewe. "We sema tu, Mauza," aliniambia. "Hata nikikukataza utasema."

Ni kweli, ningesema.

Mimi nauza udi, ubani na mafuta ya kunukia katika duka aliloniachia marehemu baba yangu, mzee Hamud. Yeye anauza vyombo kwa jumla: sahani, bilauri, chupa za chai, na yale mahotpoti ya maua ambayo bibi harusi wa mji huu asipoyapata ndoa haijakamilika. Alitoka Kibosho, huko mlimani Kilimanjaro, akiwa na miaka ishirini na miwili, yeye na mumewe Adamu. Walianza kwa kutandika gunia chini na kupanga bilauri juu yake. Gunia likawa meza, meza ikawa kibanda, kibanda kikawa duka lenye mlango wa chuma. Duka hilo nilikuwa sijawahi kuliona limefungwa siku ya kazi, isipokuwa kwa msiba au kwa Desemba, maana Desemba Wachaga wote wanapanda kwao na Kariakoo inabaki na sisi wengine tukipumua.

Ana kipaji kimoja ambacho nimejaribu kukiiga nimeshindwa. Sahani zikija kwenye makatoni, yeye hazikagui kwa macho. Anazigonga kwa ukucha wa kidole cha shahada, moja baada ya nyingine, huku anaongea na mteja mambo mengine kabisa. Nzima inalia, anasema, na yenye ufa inakohoa. Ufa ambao mimi na miwani yangu siuoni, yeye anausikia. Akishausikia, sahani inawekwa pembeni na habari yake imekwisha.

Na mdomo anao. Mteja akishikashika bila kununua anaambiwa, "Mama, hiyo ni sahani, si mtoto mchanga. Kama huichukui usiipakate." Watu wanacheka na wananunua. Mimi ningesema hivyo wangehamia duka la pili.

Sasa, mtaani kwetu mwanamke mwenye mtoto huitwa kwa jina la mtoto. Mimi ni Mama Shahd. Yeye alikuwa Mama Severine, kwa mwanawe wa pekee, kijana mrefu aliyekuwa akifunga maboksi pale dukani huku anaimba mpaka wateja wanasahau walichofuata. Kisha mwaka mmoja, mwezi wa sita, Adamu akafa ghafla, wakaenda kumzika kwao. Candida aliporudi alikuwa peke yake. Tukaenda kumpa pole. Mtu mmoja akamwita Mama Severine, akajibu, "Kuanzia leo mimi ni Candida." Tukadhani ni uchungu wa ujane, utapita. Severine hatukumwona tena. Nilimuuliza mara moja tu yuko wapi, akanitazama jicho ambalo lilinirudisha dukani kwangu bila kuaga.

Miaka mitatu ikapita hivyo.

Kisha wimbo mmoja ulianza kusikika mwezi wa tisa. Kwanza kwa wauza viatu, kisha kwa wauza simu, na baada ya wiki mbili kila spika ya Kariakoo ilikuwa inaupiga. Walikuwa wakipiga kiitikio tu, halafu muuzaji anaingiza bei zake, halafu kiitikio tena:

*Isale nimelifunga, mama ee, nimelifunga,*
*mlango nimeurudisha, mama ee, sijaufunga.*

Sauti nzuri, siwezi kukataa, na mimi muziki wa siku hizi siupendi. Aliyeimba alijiita Masika. Picha zake zote kavaa kofia iliyoshuka mpaka puani, kama anadaiwa na mtaa mzima. Na kilichowasumbua watu kilikuwa neno moja. Isale ni nini?

Binti yangu Shahd ana miaka kumi na tisa, anasoma chuo, na mchana ananisaidia dukani, kama kusaidia ni kukaa juu ya gunia la ubani umeinamia simu. Yeye na wenzake wana kundi lao la simu lenye watu zaidi ya mia, linaitwa Wachambua Mistari. Kazi yao ni kuchukua nyimbo na kuzipekua kama mtu anayepekua mchele. Kila neno jipya la mtaani likiimbwa Jumatatu, Jumatano wao wana maana yake. Lakini hili lilikuwa limewakalia kooni.

Siku moja walikutana dukani kwangu watatu: Shahd, rafiki yake Ghada anayekaa Upanga, na Evelyn wa Ilala. Walisimama kwenye baraza linalounganisha duka langu na la Candida, wakabishana utadhani wanagawana mirathi.

"Isale ni mkeka," alisema Evelyn. "Amebeti, kaufunga mkeka, anasubiri mechi ziishe."

"Mkeka gani unafungwa na mlango?" Ghada akamjibu. "Isale ni demu. Kamfunga, yaani ameshampata, hachomoki."

"Unafungaje demu? We nawe."

"Kuna mtu kwenye kundi anasema ni mtindo wa kusuka," alisema Shahd. "Kasema dada yake kasukwa isale Buguruni."

"Muongo huyo, juzi alisema ni kiatu."

Nilikuwa nacheka peke yangu nyuma ya kaunta. Nikageuka nimtazame Candida, nikijua atatoa neno la kuwavunja mbavu. Alikuwa amesimama mlangoni kwake na sahani mkononi, ukucha umeinuliwa. Hakuigonga. Kutoka ng'ambo ya mtaa kile kiitikio kilikuwa kinapigwa tena, na yeye alikuwa anakisikiliza kwa namna ile ile anavyosikiliza vyombo.

"Shahd," aliita.

"Abee, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Huyo anayeimba anaitwa nani?"

"Masika, mama."

"Masika," alirudia. Akaiweka ile sahani kwenye rundo la nzima bila kuijaribu, akaingia ndani.

Mchana ule mama wa chakula alipotuletea wali na maharage, Candida alivuta kigoda akakaa kwangu, jambo ambalo hulifanya akiwa na shida. Alisubiri Shahd aende kuswali. Kisha akasema, "Alizaliwa mwezi wa nne, mvua imenyesha siku tisa. Baba yake ndiye aliyekuwa akimwita Masika. Severine ni la ubatizo."

Nilishika kijiko tu, sikula.

"Na isale?" nikauliza.

Akanieleza. Isale ni jani. Ni jani refu la mmea ambao Wachaga wanaupanda mipakani mwa mashamba na kando ya makaburi ya watu wao. Mtu akimkosea mwenzake, kosa la kweli, lile ambalo maneno hayalitoshi, analifunga fundo jani la isale na kulipeleka kwa aliyemkosea. Anatangulia mtu wa kumsemea, na yeye anakuja nyuma. Na aliyekosewa akiletewa isale, hata kama moyo wake umechemka, hana njia. Lazima asamehe.

"Lazima?"

"Lazima, Mauza. Ukilikataa isale, umekataa na waliolala chini."

Basi ndipo akanisimulia ya mazikoni, akiangalia sahani yake ya wali. Adamu alipokufa, Severine alikuwa Mwanza, ameenda kuimba kwenye tamasha. Basi alilopanda lilikufa njiani, akadandia lori, akatembea, akafika jeneza limeshateremshwa. Akafika na koti la kumetameta alilovaa jukwaani na nywele zimetiwa rangi. Watu wa ukoo walikuwa wameanza kuchota udongo na kutupia, mmoja mmoja. Kijana akasogea, akainama achote. Candida akamshika mkono mbele ya ukoo mzima, mbele ya padri.

"Nilimwambia, umetoka kwenye ngoma unakuja kwenye kaburi? Mkono huo usichote udongo wa mume wangu. Akauacha ule udongo ukamwagika. Sijamwona tena."

Nilitaka kusema jambo, nikalizuia, na kulizuia jambo kwangu ni kazi.

Candida akajifuta uso kwa upande wa kitenge, na ghafla nikaona anatabasamu. "Sasa amekubali," alisema. "Amefunga isale. Anataka kuja kuniomba radhi, mwanangu. Anaona aibu tu."

Kuanzia siku hiyo akawa anamsubiri. Kila asubuhi alikuja na chupa ya chai ya tangawizi, na mchana hainywi mtu, na jioni anaimwaga. Kile kiti cha mbao alichokuwa akikalia Severine wakati wa kufunga maboksi, ambacho kilikuwa kimefichwa nyuma ya makatoni, alikitoa akakifuta, akakiweka mbele. Kijana yeyote mrefu akipita na kofia, ukucha ulisimama. Mwezi wa tisa ukaisha, wa kumi ukaingia. Chai ikawa inamwagwa.

Mimi nilivumilia mpaka nikachoka. Siku moja nimemkuta anaimwaga nikamwambia, "Candida, mtoto huyo amekukosea nini hasa? Kupanda basi bovu?"

Akaendelea kuimwaga.

"Uliyemshika mkono ni wewe. Mimi si Mchaga, lakini kwa ulivyonieleza lile jani, anayetakiwa kulibeba ninamwona amesimama hapa ameshika chupa ya chai."

"Mama hampelekei mtoto isale," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Haijawahi kutokea kwetu. Watanicheka."

"Wakucheke nani? Ndio hao watakaokupikia uji ukizeeka?"

Nilikosea kusema hivyo, najua. Alifunga mlango wa chuma mchana kweupe, akaongea toka ndani: "Mauza, udi wako unaniumiza kichwa." Hatukusalimiana siku nne. Na mimi nikinuna nanuna kwelikweli. Nilimwambia Shahd hata akiniuliza saa asimjibu.

Siku ya tano Shahd alikuja kutoka chuoni mbio na daftari. Kumbe mwanachama mmoja wa kundi lao ana bibi yake Marangu, huko huko mlimani, amempigia simu, na bibi akawapa maana ya isale. Wachambua Mistari wamelia usiku kucha, kwa maelezo yake, wakidhani Masika alimtenda msichana fulani vibaya na sasa anamwomba msamaha. Lakini sasa wamekwama kwenye ubeti wa pili, ule ambao spika za Kariakoo haziufikii. Hauendani na maelezo ya bibi.

"Hauendani vipi?" niliuliza.

"Sikiliza, mama." Akasoma kwa sauti, na Shahd sauti yake haihitaji spika:

*Kosa halikuwa langu, ila fundo ni la kwangu,*
*nimekufungia wewe, uje unipe mwenyewe.*
*Liko uliponizuia, mkono wangu usichote,*
*lichukue uje nalo, tuyamalize yote.*

"Sasa ona," aliendelea. "Kama kosa si lake, yeye analifungia nini? Wenzangu wanasema hapo amechemka, ameipotosha mila ya watu. Na kuchota, kuchota nini? Evelyn anasema maji, walikutana bombani. Ghada anasema pilau, demu alimzuia kuchota kwenye sinia la harusini. Mimi nimeshindwa."

Kwenye ukuta wa upande wa pili kitu kilidondoka kikavunjika. Katika miaka kumi na minne Candida hajawahi kuvunja chombo. Nikatoka mbio, kununa kwangu nikakuacha kwenye kaunta. Alikuwa ameketi kwenye kile kiti cha mbao, vipande vya sahani miguuni.

"Rudia," alimwambia Shahd. "Rudia mwanangu, polepole."

Shahd akarudia. Candida alikuwa anasogeza midomo kama mtu anayesoma rozari.

"Hajapotosha," alisema mwisho. "Waambie wenzako hajapotosha kitu. Amenifungia mimi. Alijua sitaweza hata kulifunga." Kisha akalia, na nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata kwa Adamu. Nikamkumbatia hapo hapo, tukiwa tumekanyaga sahani. Nilimpenda sana saa ile na nikamwonea uchungu, na yule kijana nikamwonea uchungu zaidi. Shahd alisimama na daftari lake, macho yamemtoka. Nikamwapisha asiandike neno lolote huko kwenye kundi lake, na nashukuru Mungu alishika kiapo.

Alhamisi duka la Candida lilikuwa limefungwa. Hapakuwa na msiba na Desemba ilikuwa bado. Wateja walinijia mimi kuuliza kuna nini, nikawaambia amesafiri kikazi. Alirudi Jumamosi jioni, amechoka, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Jumapili, alipotoka misa ya pili, alikuja nyumbani kwangu amevaa kitenge chake cha sherehe. Mkononi alikuwa na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cheupe cha mezani, kirefu, amekibeba kama mtu aliyebeba mkate wa moto.

"Jiandae, unakuja na mimi Buguruni."

"Mimi? Kufanya nini?"

"Mkosaji haingii peke yake. Anatanguliwa na mtu wa ukoo wa kumsemea."

"Candida, mimi ni Mwarabu wa Kariakoo."

"Na mimi hapa mjini ukoo wangu ni nani?" alisema. "Vaa baibui lako twende."

Tukapanda bajaji. Njia nzima alinifundisha maneno ya kusema, ya Kichaga na tafsiri yake, na mimi nikayarudia, na tulipovuka Ilala nilikuwa nimeyasahau yote. Nilitamani kumtania kidogo, lakini mikono yake ilikuwa imeking'ang'ania kile kitambaa, nikaishika.

Severine alikuwa amepanga chumba kwenye nyumba ya uani, nyuma ya gereji, chumba kile kile alichokuwa amepanga hata kabla baba yake hajafa. Nilishangaa, maana mtu ambaye wimbo wake unapigwa mji mzima nilidhani angekuwa ameshahamia kwenye geti na mlinzi. Pale uani kulikuwa na ndoo, kamba za nguo na mwanamke anakaanga samaki, ambaye alitunyooshea mwiko kuelekea mlango wa mwisho. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haujafungwa. Candida aliuona akasimama kabisa, nikaenda mbele peke yangu.

Nikabisha hodi. Alitoka kavaa fulana ya ndani na kofia mkononi, amekonda, na ni Adamu mtupu.

"Mama Shahd! Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Na hapo maneno yote ya Kichaga hayako. Nikasema yangu. "Severine, nimetumwa. Nyuma yangu yuko mtu aliyekukosea siku mbaya kuliko zote, mbele ya watu, na anajua. Hakuja mapema kwa sababu ya kiburi, na hilo nimemwambia mwenyewe. Leo amekuja na jani. Mimi si wa kabila lenu, lakini nimeambiwa ukiletewa huna njia. Basi usinitie aibu."

Nikasogea pembeni. Candida alikuja polepole, akafungua kile kitambaa. Jani lilikuwa bado kijani, limefungwa fundo moja katikati, fundo lililoanza kukomaa, linaonekana lilifungwa likiwa bado kwenye mmea. Alianza kupiga goti. Kijana akaruka akamshika viwiko kabla goti halijafika chini.

"Usinipigie magoti, mama. Ukinipa inatosha."

"Severine, nimekukosea," alisema. "Nilikuzuia usimzike baba yako. Ulikuwa mtoto wake kuliko nilivyokuwa mke wake, na nilikuzuia. Naomba unisamehe."

Akalipokea kwa mikono miwili. "Nimesamehe, mama. Nilishasamehe siku ile ile. Kabla sijaondoka, watu walipokuwa wanakula, nilirudi pale kaburini nikalifunga la kwanza."

"La kwanza?"

"Hili ni la nne." Alikuwa anaongea huku amelitazama fundo. "La kwanza nilipoenda Pasaka nikakuta limekatwa. Nikajua ni wewe, maana Desemba ndiwe unayesafisha kaburi. Nikafurahi. Nikasema mama amelichukua, atakuja nalo. Nikasubiri. Pasaka ile ile nikafunga la pili, usije ukalipoteza. Nalo likachukuliwa. La tatu nalo. Watu wananiambia nihame hapa, nitafute nyumba ya maana, na mimi nawaambia siwezi, mama hajui pengine pa kunipata. Ungekuja na jani lako ungelikabidhi kwa nani?"

Nilimtazama Candida. Uso wake ulikuwa umekuwa wa majivu. Nilielewa kabla hajasema, kwa kuwa nimemzoea, na nikaomba kimoyomoyo asiseme. Angeweza kunyamaza tu. Kijana alikuwa anaamini mama yake alilichukua mara tatu, akakosa ujasiri mara tatu, na hilo analijua na ameshamsamehe. Mimi ningenyamaza, nawaambia ukweli.

"Sikuyachukua," alisema Candida. "Niliyakata nikatupa."

Mwanamke wa samaki aliacha kugeuza samaki.

"Kila Desemba nasafisha pale kwa panga. Nikikuta jani limefungwa fundo nasema ni watoto wa shemeji yangu wanachezea. Nalikata, natupia kwenye takataka na majani ya migomba, nachoma. Sikuwahi kufikiri, mwanangu. Nani angefikiri aliyekosewa ndiye anayefunga? Nimeligundua juzi, niliposimama pale na wimbo wako kichwani. Nimechoma isale lako mara tatu. Kama hilo nalo linahitaji jani lake, nitalileta."

Severine alikaa chini kizingitini. Alifunika uso kwa kofia, mabega yakawa yanatikisika, na kwa muda sikujua analia au anacheka. Alipoitoa kofia nikaona ni vyote viwili.

"Yaani miaka mitatu mimi nasubiri," alisema, "na majani yameshakuwa majivu Kibosho."

"Yameshakuwa mbolea," alisema Candida.

"Na mimi hapa nakataa nyumba Sinza!"

Hapo tukacheka wote, na mwanamke wa samaki naye, ambaye hakuna aliyemwalika. Candida akakaa kizingitini pembeni ya mwanawe, kitenge chake cha sherehe kwenye vumbi. Akamshika ule mkono wa kulia, mkono wa kuchotea, akaupakata mapajani kwake na hakuuachia mpaka tulipoondoka. Mimi nikapewa samaki.

Jumatatu alifika dukani na chupa ya chai, na mchana ikanywewa. Mtu wa kwanza kumwita Mama Severine tena nilikuwa mimi, na akaitika bila kugeuka, kama ambaye hajawahi kuliacha jina hilo. Wachambua Mistari hawakupata jibu la ubeti wa pili. Nasikia mwisho walipiga kura, na pilau ikashinda.

Desemba ilipofika mama na mwana walipanda Kibosho pamoja. Kaburi la Adamu lilishajengewa zamani, lina vigae, lakini kando yake, pale penye mimea ya isale, wameacha udongo wazi. Tarehe ishirini na nne, saa nne asubuhi, nilikuwa namfungia mteja ubani, simu ikaita mlio wa ujumbe. Ulikuwa wa Mama Severine, neno moja tu:

*Amechota.*

Nilikaa kwenye gunia. Shahd akachungulia juu ya bega langu.

"Amechota nini, mama?"

Nikamwambia ampe mteja chenji yake, mimi machozi yananizuia kuona.